Kutafuta hitilafu ya kebo iliyozikwa: mwongozo kamili kwa fundi wa Goma

Goma hatuchimbi udongo, tunavunja mwamba. Fundi wa Lubumbashi anaweza kufungua mtaro wa mita kadhaa kwenye udongo wake mwekundu asubuhi moja, akikosea akaufukia na kuanza upande wa pili. Hapa kwetu, chini ya vumbi jeusi lisilofika hata kifundo cha mguu, kuna lava. Shimo moja ni mtaimbo, nyundo kubwa, vijana watatu na siku nzima ya jasho, na mwenye nyumba anasimama pembeni akihesabu pesa zake. Kwa hiyo kazi yetu haiwezi kuwa ya kubahatisha.

Nyumba moja ya wageni kule Himbi ilinifundisha hili kuliko shule. Kebo yake ya volti ndogo, mita 180 kutoka kabini ya umeme hadi ubao wa fuzi, ilikuwa imeharibika. Nilipofika nilikuta mashimo sita yameshachimbwa. Moja karibu na lango kwa sababu "malori hupita hapo", jingine chini ya mti kwa sababu ya mizizi, na hayo mengine sikupata hata maelezo yake. Kebo ilikuwa nzima katika yote sita. Tulipata kosa siku hiyohiyo kwa betri ya gari, taa moja, multimita na fimbo mbili zenye kipimo cha sindano, kisha tukachimba shimo moja tu. Nitairudia kebo hiyo tukiendelea, kwa maana hesabu zake ni nyepesi na kila fundi anaweza kuzifuata.

Kwa ufupi mpango mzima uko hivi: unaua umeme, unaulizia, unapima aina ya hitilafu, unapima umbali, unatafuta njia ya kebo, unabana nukta, ndipo unachimba. Ukiruka hatua moja, utailipia kwenye mwamba.

Hatua ya 1: Ua umeme na uhakikishe umekufa

Kebo yenye hitilafu si kebo iliyokufa. Hapa Goma ardhi yetu haipitishi umeme vizuri, hasa kiangazi mawe yakikauka. Fezi (waya wenye umeme) ikigusa ardhi, mkondo unaovuja unaweza kuwa mdogo mno kukata fuzi. Kebo inabaki na umeme, inaungua polepole, na ardhi inayoizunguka inakuwa na volti. Mtoto anayepita peku juu yake baada ya mvua yuko hatarini bila mtu yeyote kujua. Ukisikia mtu anasema "hapa miguu inawasha", mwamini. Zuia watu wasipite, katisha umeme kwanza, maswali baadaye.

Fungua swichi pande zote mbili. Watu husahau upande wa pili, na upande wa pili ndiko kuliko na jenereta ya jirani au inveta yenye betri inayorudisha umeme kwenye kebo. Funga swichi kwa kufuli, ufunguo uwe mfukoni mwako, na weka kibao chenye maandishi. Pima kwa kipimo cha volti ulichokijaribu kwanza mahali penye umeme, ukishapima rudi ukijaribu tena palepale, kwa sababu kipimo kibovu huonyesha sifuri kwa uhakika uleule wa kipimo kizima. Kisha unganisha fezi zote pamoja na uzifunge kwenye ardhi.

Kwa kebo za volti ya kati, kV 15 (volti 15,000) kwa mfano, kazi hii haifanywi na fundi wa mtaani peke yake. Shirika lenye mtandao ndilo linalotoa ruhusa ya maandishi, na mtu wao ndiye anayefungua na kufunga. Hata ukiwa na miaka ishirini ya kazi, ngoja karatasi hiyo.

Jambo moja linawapata hata wazoefu: kebo ndefu ni kama kapasita kubwa. Baada ya kuipima kwa volti za juu inabaki na chaji. Iache imefungwa kwenye ardhi kwa muda usiopungua mara 4 ya muda uliotumia kuipima, ndipo uishike.

Hatua ya 2: Uliza, kisha tembea

Kabla ya kufungua sanduku la vipimo, kaa na mlinzi, mama wa duka la pembeni na yule papa aliyejenga ukuta. Nani alichimba mwezi uliopita? Bomba la maji lilipita wapi? Waliotandaza nyaya za intaneti walikata barabara upande gani? Makosa mengi huanzia kwenye mtaimbo wa mtu mwingine. Huenda kebo haikukatika siku hiyo. Ngozi ya nje ilichubuka, maji yakaingia, na miezi baadaye ikapasuka.

Uliza pia kama umeme ulikatika wakati wa radi. Mashariki mwa Kongo ni kati ya sehemu zinazopigwa na radi nyingi kuliko zote duniani, na radi inayoshuka kwenye laini ya nguzo huingia hadi kwenye kebo inayoanzia pale nguzoni. Huvunja mahali palipo dhaifu, na mara nyingi hapo ni penye kiungo cha zamani.

Kwa mji wetu ongeza maswali mawili ambayo kitabu cha Ulaya hakitakuambia. La kwanza: kebo hii iliwekwa kabla au baada ya tarehe 17 Januari 2002? Siku hiyo lava ya volkano ya Nyiragongo ilishuka hadi katikati ya mji na sehemu ya uwanja wa ndege. Watu walijenga upya juu yake. Kebo iliyowekwa zamani kwa kina cha sentimita 70 huenda leo ina mwamba mwingine mzima juu yake, na mchoro wa zamani hauoneshi barabara unayoiona sasa. La pili: nyufa za 2021 zilipita wapi? Baada ya mlipuko wa tarehe 22 Mei mwaka huo matetemeko yalipasua ardhi ndani ya mji, na kebo inayovuka ufa imevutwa. Kebo ikivutwa, kiungo ndicho kinachoachia kwanza. Wazee wa kartiye wanajua ufa ulikopita kuliko ramani yoyote.

Tembea njia nzima ya kebo kwa miguu. Angalia ardhi mpya, ukuta mpya, tundu la choo jipya. Andika.

Hatua ya 3: Jua ni hitilafu ya aina gani

Ukikosea hapa, kipimo utakachochagua baadaye kitakudanganya. Toa kebo kwenye kila kitu, pande zote mbili: mita, fuzi, vifaa vya elektroniki, na nutro (waya wa kurudishia umeme) iliyofungwa kwenye ardhi. Futa ncha zake zikauke, kwani unyevunyevu wa asubuhi kutoka ziwani unatosha kuharibu vipimo.

Kwa kebo ya volti ndogo tumia megometa (kipimo cha uhami, yaani ganda linalozuia umeme usitoke kwenye waya) ya volti 500 au 1,000. Kwa volti ya kati tumia ya 2,500 au 5,000. Kebo ya waya nne yenye deraya (ngao ya chuma inayozunguka nyaya) ina vipimo kumi: kila waya dhidi ya deraya, hivyo ni vinne, kisha kila jozi ya nyaya, hivyo ni sita. Vifanye vyote kumi na uviandike hata kama cha kwanza kimeshakuonyesha kosa. Kebo nzima itakupa megaomu mamia au zaidi, na ikishuka chini ya megaomu 1 usiirudishe kazini.

Kisha enda upande wa pili, unganisha nyaya zote pamoja, rudi na upime mwendelezo kwa omu ndogo, jozi kwa jozi. Hapo utajua kama kuna waya uliokatika, jambo ambalo megometa peke yake haiwezi kukuambia.

Matokeo yatakuangusha kwenye moja ya makundi haya:

- Waya umegusa waya au deraya kwa ukinzani mdogo, omu chache hadi mamia. Hii ndiyo rahisi.
- Ukinzani wa juu, kilo-omu nyingi hadi megaomu chache. Ni unyevu au kuungua nusunusu. Hii ndiyo ya kawaida, nayo inahitaji akili.
- Waya umekatika, lakini uhami wake ni mzima.
- Megometa inaonyesha uzima kamili, lakini umeme ukirudi kebo inapasuka tena. Kosa hili linajitokeza tu volti zikipanda.
- Ngozi ya nje peke yake imechubuka. Umeme bado unapita, watu wanadharau, na mwaka ujao utairudia kebo hiyohiyo.

Ile ya Himbi ilikuwa hivi: fezi ya pili dhidi ya deraya, kilo-omu 9. Fezi ya kwanza, ya tatu na nutro zilikuwa nzima. Hakuna waya uliokatika.

Hatua ya 4: Pima umbali

Njia ya betri, kwa fundi asiye na mashine

Njia hii ina zaidi ya miaka mia, imejengwa juu ya daraja la Murray (mzunguko wa kulinganisha ukinzani), na mpaka leo ni ya kuaminika mno kwa kosa la waya kugusa ardhi au deraya. Unahitaji waya mmoja mzima ndani ya kebo ileile, wenye unene uleule na ule mbovu.

Upande wa mbali, unganisha waya mzima na waya mbovu kwa kibano kizito. Safisha shaba au alumini mpaka ing'ae, kaza kwa nguvu. Upande wako, chukua betri ya volti 12 iliyotolewa kwenye gari na kuwekwa juu ya ubao mkavu. Kutoka chanya pitisha mkondo kwenye taa ya gari ya wati 55, kisha kwenye waya mzima. Waya mbovu urudi kwenye hasi. Taa inazuia mkondo usizidi, na ikiwaka vizuri inakuambia mzunguko umefungika.

Sasa mkondo unazunguka: unaenda kwa waya mzima, unarudi kwa waya mbovu. Mahali pekee panapogusa deraya ni penye hitilafu. Pima volti kati ya mwanzo wa waya mbovu na deraya, uziite V1. Pima volti kati ya mwanzo wa waya mzima na deraya, uziite V2. Umbali ni urefu wa kebo mara mbili, uzidishe kwa V1, ugawe kwa jumla ya V1 na V2.

Himbi kebo ilikuwa alumini ya milimita za mraba 35, ambayo ina omu 0.868 kwa kilomita. Mita 360 za kwenda na kurudi ni omu 0.31. Kwa mkondo wa ampea 4 tulitarajia volti 1.25 kwenye mzunguko mzima. Tulipata V1 ya 0.39 na V2 ya 0.86. Jumla 1.25, sawasawa. Mita 360 mara 0.39 gawa 1.25 ni mita 112.

Hizi ndizo sehemu zinazoharibu kipimo hicho, na nimeziona zote. Ncha za multimita zishike kwenye waya wenyewe, siyo kwenye kibano cha betri, la sivyo unapima uchafu wa kibano. Kiungo cha upande wa mbali kikiwa legevu, umbali wote unahama. Jumla ya V1 na V2 lazima ilingane na volti unazopima moja kwa moja kati ya nyaya hizo mbili. Isipolingana simama, utafute kwa nini. Badilisha chanya na hasi za betri, pima tena, kisha chukua wastani, maana ardhi ina volti zake ndogo zinazotangatanga. Mwisho kabisa, hamisha kila kitu upande wa pili na upime kutoka huko. Himbi tulipata mita 69. Mia na kumi na mbili jumlisha sitini na tisa ni 181. Kebo ina 180. Hapo moyo hutulia.

Multimita nzuri ina ukinzani wa ndani wa megaomu 10, hivyo kosa la kilo-omu 9, hata la 100, haliisumbui. Kosa likiwa la megaomu nzima, njia hii haifai tena.

Je, nyaya zote zimeharibika? Tandaza waya wa nje juu ya ardhi kutoka mwanzo hadi mwisho wa kebo ili mkondo urudi kwa huo. Pima volti kati ya waya mbovu na deraya upande wako, kisha upande wa mbali. Umbali sasa ni urefu mara moja tu, uzidishe kwa volti za upande wako, ugawe kwa jumla ya zote mbili. Hili linataka deraya iwe haijakatika njiani.

Waya uliokatika

Hapa tumia kipimo cha kapasitansi kilicho kwenye multimita nyingi. Kapasitansi hukua sawasawa na urefu. Pima waya huo dhidi ya deraya kutoka upande mmoja, kisha upande mwingine. Nanofaradi 24 huku na 36 kule kwenye kebo ya mita 180 maana yake ni mita 72 kutoka upande wa 24. Uhami lazima uwe mzima pande zote mbili za mkato. Maji yakiwa yameingia, namba hizo ni za uongo.

Ekometa

Ekometa hutuma mpigo mfupi ndani ya kebo na kusubiri urudi, kama mtu anayepiga kelele bondeni akasikia mwangwi. Waya uliokatika hurudisha mpigo ulioinuka juu, shoti hurudisha ulioshuka chini. Viungo huonekana kama mawimbi madogo njiani, na hayo ni hazina, kwani ukijua kiungo kiko mita ngapi una alama ya kupimia.

Kila kitu kinategemea kasi ya mpigo. Kwa kebo za XLPE (zenye uhami wa plastiki) nusu ya kasi huwa karibu mita 80 hadi 86 kwa kila mikrosekunde, na kebo za karatasi na mafuta huwa chini kidogo. Usichukue namba kutoka kitabuni ukaiamini. Pima kwanza waya mzima wa kebo hiyohiyo ambayo urefu wake unaujua, kisha rekebisha kasi mpaka mwisho wake uangukie palepale. Kwa kebo ya mita 640 yenye nusu-kasi ya 84, mwisho utaonekana kwenye mikrosekunde 7.6. Mpigo ulioshuka kwenye 4.2 unasema mita 353. Kutoka upande wa pili unapaswa kupata karibu 287.

Linganisha mchoro wa waya mzima na wa waya mbovu, mmoja juu ya mwingine. Mahali inapoachana ndipo pa kutazama. Nimeona mafundi wakikodolea macho mchoro mmoja kwa saa nzima wakati wa pili ungewapa jibu kwa dakika.

Ekometa ina upofu wake. Kosa la ukinzani zaidi ya omu mia chache hailioni kabisa, mpigo hupita kana kwamba hakuna kitu.

Ukinzani wa juu: mashine ya mishtuko

Mashine hii hujaza kapasita na kuiachia ghafla ndani ya kebo. Penye hitilafu cheche huruka, na kwa sehemu ndogo ya sekunde ukinzani unakuwa karibu sifuri. Ekometa iliyounganishwa nayo ikituma mpigo wakati huohuo, inaiona cheche kama shoti. Ndiyo njia ninayoipenda kwa volti ya kati.

Jifunze nishati yake, maana wengi wanaonea kebo bila faida. Nishati ni nusu ya kapasitansi mara volti mara volti. Mashine ya kawaida yenye ngazi za kV 8 na kV 32 inaweza kuwa na mikrofaradi 32 kwenye ngazi ya chini na 2 kwenye ngazi ya juu. Kila ngazi ikijazwa kabisa hutoa jouli 1,024. Lakini ukichagua ngazi ya kV 32 kisha ukapiga kwa kV 8 tu, unapata jouli 64, sehemu moja ya kumi na sita, na pale juu ya ardhi hutasikia kitu. Kama cheche inaruka kwa kV 8, shuka kwenye ngazi ya kV 8.

Na usipige mpaka jioni. Kebo ya XLPE iliyozeeka inachoshwa na mishtuko. Utarekebisha kosa moja na kupanda mbegu ya mengine matatu. Volti za chini zinazotosha, mapigo machache, kisha zima. Kwa kebo ya volti ndogo sizidishi kV 4, tena baada ya kuhakikisha kwa macho yangu kwamba hakuna nyumba iliyounganishwa. Upande wa mbali lazima asimame mtu mwenye simu. Mishtuko inafika kule kama inavyofika penye kosa.

Kuna wanaotibu ukinzani wa juu kwa kurudisha umeme wa mtandao kwenye waya mbovu kupitia jiko la umeme, ili "kuunguza" kosa. Nawasihi waache. Kwenye ardhi kama yetu volti hizo husambaa juu ya mawe, na anayezikanyaga hana habari.

Hatua ya 5: Tafuta njia ya kebo

Mita 112 za kebo siyo mita 112 za barabara. Kebo inapinda kukwepa jabali, ina mzingo wa akiba kabini, inapanda ukutani. Ukivuta kamba moja kwa moja kutoka kabini umeshapotea.

Tumia kitoa mlio na kipokezi. Kitoa mlio hulisha waya mmoja, upande wa mbali ukiwa umefungwa kwenye ardhi, na kipokezi hufuata sauti juu yake. Katika mji ambao mabomba, nyaya za intaneti na kebo za zamani zilizokufa ziko mtaro mmoja, masafa ya chini hung'ang'ania kebo yako, ya juu hurukia za jirani. Anza na ya chini. Weka alama ya chokaa kila mita mbili, na kwenye kila kona weka tatu.

Kipokezi kizuri hukuambia na kina. Kikisema sentimita 30, usishangae. Waliotandaza walichoka na mwamba. Kikisema mita 2, kumbuka 2002.

Sasa pima kwa gurudumu au utepe juu ya alama zako, ondoa mizingo ya akiba, na uchore eneo la kutafutia: asilimia 5 mbele, asilimia 5 nyuma. Himbi hilo lilikuwa mita 6 kila upande, na ndani yake kulikuwa na kona ya ukuta mpya.

Hatua ya 6: Bana nukta

Umbali unakupa mtaa, hatua hii inakupa mlango.

Kosa likigusa ardhi yenyewe, yaani ngozi ya nje nayo imepasuka, tumia njia ya volti za hatua. Chombo hutuma mkondo unaokatikakatika kwenye waya mbovu na kwenye fimbo ya ardhi iliyo mbali. Juu unatembea na fimbo mbili zilizounganishwa na kipimo chenye sindano. Ukikaribia, sindano inaelekea mbele na nguvu inapanda. Ukivuka, inageuka nyuma. Inaposimama katikati, kosa liko katikati ya fimbo zako. Geuza fimbo zikate njia ya kebo, rudia, uweke alama ya msalaba.

Mawe ya volkano, haya tunayoyaita makoro, yanafanya kazi hii iwe ngumu kwa sababu fimbo hazishiki. Funga vitambaa vilivyolowa kwenye ncha, mwaga maji yenye chumvi kila unapogusa, na ikiwezekana subiri siku iliyofuata mvua. Sindano inayocheza ovyo kwenye mwamba mkavu haikuambii kitu. Usiilazimishe iseme.

Kosa likiwa ndani tu, kati ya waya na deraya, hakuna kitakachotoka juu ya ardhi. Hapo unasikiliza. Mashine ya mishtuko inapiga kila sekunde chache, na wewe unaweka kipaza sauti cha ardhini juu ya alama zako. Vifaa vya sasa hupokea mpigo wa sumaku na sauti pamoja, kisha huhesabu muda kati yake. Mpigo wa sumaku hufika papo hapo, sauti huchelewa. Penye ucheleweshaji mdogo kabisa ndipo kosa lilipo, hata kama si hapo sauti ilipo kubwa. Nasisitiza hili kwa ajili ya Goma. Lava yetu ina mianya na matundu, na sauti hufuata mwamba mgumu, ikatokea mita kadhaa pembeni. Kebo ikiwa ndani ya bomba la plastiki, sauti hutembea bombani na kutokea mwishoni. Masikio yatakupeleka mwisho wa bomba, muda ndio utakaokurudisha.

Nenda alfajiri, kabla ya pikipiki, chukudu (baiskeli za mbao za kubebea mizigo) na jenereta kuamka.

Himbi hatukuwa na mashine hiyo. Kosa lilikuwa limetoboa hadi nje, mvua ilikuwa imenyesha usiku, na sindano iligeuka palepale kwenye kona ya ukuta, mita 110 kwa njia ya kebo. Njia mbili zisizofanana zilikuwa zimesema jambo moja. Mpaka hapo ndipo mtaimbo unaruhusiwa.

Hatua ya 7: Chimba, tambua, kata

Anza nusu mita pembeni ya alama, siyo juu yake. Ukifika kwenye tepi ya onyo, matofali au mchanga, weka mtaimbo kando na uendelee kwa mkono. Shimo liwe pana la kutosha mtu kupiga magoti na kufanya kazi safi. Kama kiungo kipya kitahitaji mita moja na nusu ya kebo, chimba mbili.

Kwenye shimo kunaweza kuwa na kebo tatu zinazofanana. Tambua yako kwa kitoa mlio, mkono wa kipokezi ukiwa juu ya kila moja. Kwa volti ya kati kebo hutobolewa kwanza kwa chombo kinachoendeshwa kutoka mbali, kimefungwa kwenye ardhi, watu wote wakiwa nje ya shimo. Wenzetu wamekufa kwa kukata kebo ya jirani.

Kata, kisha pima megometa pande zote mbili za mkato kabla ya kuunga. Mara kwa mara kuna kosa la pili. Kata vipande vifupi vifupi mpaka ufikie waya mkavu unaong'aa. Unyevu hupanda ndani ya nyuzi za waya, na kiungo kizuri juu ya waya wenye maji hakiishi mwaka.

Kona ya ule ukuta ilikuwa imekalia kebo. Jiwe lenye makali lilikuwa limeingia polepole kupitia ngozi na deraya hadi fezi ya pili.

Hatua ya 8: Unga, jaribu, fukia

Chagua kiungo kinacholingana na aina na unene wa kebo, na ufuate vipimo vya karatasi yake kwa milimita. Alumini na shaba haziungwi kwa kibano cha kawaida. Kuna viungio vyake maalumu, na ukikosa hivyo, ngoja upate. Hakikisha deraya nayo imeunganishwa upya, kwa sababu ndiyo njia ya mkondo wa kosa lijalo. Mvua ikitisha, funika shimo kwa turubai kabla ya kumenya waya, siyo baada.

Rudia vipimo vyote kumi. Kebo mpya ya XLPE ya kV 8.7/15 hupimwa kwa volti za masafa ya chini sana, hetsi 0.1, mara 3 ya volti ya fezi kwa ardhi, yaani kV 26 kwa dakika 15. Iliyozeeka hupimwa chini ya hapo. Usitumie volti za mkondo wa moja kwa moja kwenye XLPE ya zamani, kwani huacha chaji ndani ya uhami na kebo hupasuka baada ya wewe kuondoka.

Kisha chini na juu ya kebo weka mchanga uliochekechwa, sentimita 10 kila upande. Mawe yale uliyovunja yasirudi kuigusa, ndiyo yaliyoua hii ya kwanza. Juu ya mchanga matofali, juu ya matofali tepi, ndipo ufukie.

Kabla ya kuondoka chora mchoro: umbali kutoka kona mbili za ukuta usiohamishika, kina, aina ya kiungo, tarehe. Nakala moja kwa mwenye nyumba, moja kwako, moja ibandikwe ndani ya mlango wa kabini. Pale Himbi tuliandika pia kwa rangi ukutani, sentimita 40 juu ya ardhi: mshale, na neno "kiungo, kina cm 60".